Nafasi ya Tatu

Sepuka,
6 Oktoba 1974

Mpendwa shemeji Nathanaeli,

Pokea salamu zangu na za Selina. Hatuumwi. Kuku karibu wote wamekufa kwa kideri, amebaki yule jogoo wa kaka yako, na bado anawika kabla ya wakati kama zamani. Kaka yako alikuwa akimwambia, "Lala wewe, hata Mungu hajaamka." Tangu tumzike mwezi wa tatu hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Siku hizi namwambia mimi.

Nakuandikia kwa sababu nina shida, na wewe ndiye ndugu pekee wa kaka yako aliyebaki. Kijiji kipya cha ujamaa kimepimwa hapa hapa kwetu. Watu wa mbugani wamehamishiwa huku na wanajenga. Sisi tuliokuwapo tunaambiwa tuna bahati, maana hatutabomoa. Lakini hata sisi hatukai mpaka tugawiwe kiwanja kwa jina. Mwezi wa saba alikuja mwanafunzi mmoja wa mbali, mpole, akapita nyumba kwa nyumba kuandika wenye kaya. Siku hiyo wanaume wote walikuwa kwenye msingi wa shule. Aliniuliza, nikamjibu, akaandika, akanywa uji, akaenda.

Jumanne iliyopita orodha ilirudi kutoka Dar es Salaam. Karatasi yenyewe imeshikana, ndefu kama mkeka, ina matundu madogo pembeni. Ilisomwa na afisa aliyeletwa kutugawia, sisi tunamwita Bwana Viwanja. Alisoma mpaka jua likatuhama kichwani. Jina langu halikusomwa. Magdalena naye hakusomwa, wala Anastazia.

Mwenyekiti wetu Alute akamwambia, "Bwana, huyu mama amekaa nyumba hiyo tangu aolewe. Unamwona, amesimama mbele yako."

Akajibu, "Mimi namwona. Karatasi haimwoni."

Wasiosomwa watapelekwa ng'ambo ya korongo, na viwanja vyao watapewa wengine waliosomwa. Mimi sikatai kulima ng'ambo. Lakini mtu mwingine akipewa kiwanja hiki atalima mpaka nyuma ya tembe, pale kwenye jiwe ambalo kaka yako alinolea jembe. Shemeji, wewe ulikuwapo mwezi wa tatu. Unajua nani amelala pale.

Uliwahi kusema ofisini kwenu ndipo ilipo mashine inayotoa orodha hizo. Tafadhali niangalizie.

Mimi shemeji yako,
Dorkas


Dar es Salaam,
24 Oktoba 1974

Shikamoo shemeji,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kuhusu jogoo nilicheka. Kaka aliniandikia kila mwezi, hata kama hana la kusema. Barua yake ya mwisho ilihusu bei ya karanga tu. Ninayo mfukoni mwa koti.

Hukuondolewa na mtu kwenye orodha. Nimeifuata kadi yako nikaikuta. Ngoja nikueleze tunavyofanya. Yule mwanafunzi alikuwa na karatasi yenye nafasi tatu za jina. Ya kwanza ni jina la mwenye kaya. Ya pili kwa mwanamume ni jina la baba yake, na kwa mwanamke mjane ni jina la mumewe. Ya tatu kwa mwanamume ni jina la babu, na kwa mjane ni jina la baba wa mume. Karatasi zikifika hapa wasichana wetu wanatoboa matundu kwenye kadi, na mashine inayasoma matundu hayo. Kazi ya mashine ni kuziunga nafasi tatu ziwe jina moja kamili, kisha kulichapa.

Sasa mashine imeagizwa hivi: jina kamili ni majina matatu. Nafasi moja ikiwa tupu, basi jina kamili halipo, na mstari wote unaachwa. Ni kama mafiga, shemeji. Figa moja likikosekana chungu hakikai, hata kama mawili yaliyobaki ni mazuri kiasi gani.

Kwako nafasi ya kwanza ni Dorkas. Ya pili ni Samweli. Ya tatu ni tupu.

Naona yule mwanafunzi alikuwa na haraka. Si kitu. Ningeweza kuijaza mimi, maana ni jina la baba yangu, lakini mkuu wangu Bwana Urbano hakubali karani ajaze kadi ya ndugu yake. Anataka mkono wa mwenyewe. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii nimeweka kadi ya masahihisho. Andika jina lako, jina la kaka, na jina la baba, utie sahihi, uirudishe. Ni kazi ya dakika moja, na shida itakuwa imekwisha.

Mbusu Selina. Mwambie baba mdogo anatafuta kitambaa cha sare.

Wako,
Nathanaeli


Sepuka,
10 Novemba 1974

Shemeji mpendwa,

Marahaba. Asante kwa kutufuatilia. Mwalimu wa hapa kijijini aliniletea barua yako mwenyewe, na Selina akaishika bahasha kutwa nzima akisema ni ya kitambaa.

Kadi narudisha. Nimeandika nilichoweza kuandika.

Nakuomba jambo jingine. Usinitengeneze mimi peke yangu. Nimezunguka kuuliza, na walioachwa ni wajane wa kijiji hiki wote, si mimi na Magdalena na Anastazia tu. Wenye waume hawakuachwa. Nikisomwa mimi peke yangu kwa kuwa nina shemeji Dar es Salaam, nitakaaje nao kisimani?

Nimewaza juu ya mafiga yako. Kwa chungu ni kweli. Lakini jina langu mimi naliona kama watu watatu waliotumwa maji. Mmoja akibaki nyumbani kwa sababu yake, wawili hawamwagi maji njiani. Wanarudi nayo. Ni maji pungufu, lakini tunapika.

Mashine haiwezi kuambiwa hivyo?

Stefano fundi wa Issuna yupo hapa siku hizi. Kuna kazi ananifanyia, haijaisha. Nitakueleza ukija, nataka uione kwa macho.

Joto ni kali. Mawingu yanakuja kila jioni, yanatutazama, yanaondoka.

Dorkas


Dar es Salaam,
29 Novemba 1974

Kwa shemeji Dorkas,

Kadi imefika. Nafasi ya tatu ni tupu tena.

Mara ya kwanza nilimlaumu mwanafunzi. Mara hii kalamu ilikuwa mkononi mwako, na nafasi ilikuwa wazi, na nilikueleza kwa urefu kinachotokea ikiachwa wazi. Umeandika jina lako vizuri, na la kaka vizuri zaidi, kwa herufi za kupendeza. Halafu ukaishia hapo na kutia sahihi.

Wiki hii alipita hapa Gasto, dereva wa lori la pamba anayetoka kwetu. Nilimwuliza habari za nyumbani. Akasema, "Nyumbani kwenu kuzuri, kila nikipita naona baiskeli ya fundi Stefano imeegemea tembe." Alisema kwa mzaha, nami nikacheka naye, kisha sikula.

Shemeji, wewe bado ni kijana. Hakuna atakayekufunga. Kama unataka kwenda kwa watu wengine, sema, nami nitakuja kama mdogo wa marehemu tuagane kwa heshima. Ila usimtoe baba yetu kwa kuacha nafasi yake tupu, tena kwenye kadi niliyokutumia mimi. Kaka amekufa, mama alitangulia, baba alitangulia. Nikiulizwa kwetu ni wapi nataja mlango wako. Ukiondoka nitataja nini?

Pamoja na hayo, ombi lako nimelifanya. Nilimweleza Bwana Urbano kwamba wajane wengi wameachwa. Hakutaka mashine ichape majina mawili, alisema italeta fujo, kila mstari lazima uwe na matatu. Tukakubaliana kila palipo tupu mashine iweke neno moja, BILA, ili mstari upite. Orodha mpya iliondoka jana. Mtasomwa wote.

Nawatakia heri.

Nathanaeli


Sepuka,
22 Desemba 1974

Shemeji Nathanaeli,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Niliigeuza nyuma nikidhani umeiandika huko. Kisha nikaelewa, nikakaa chini.

Nitaanza na ya mkutano, kwa sababu ni rahisi kuieleza, na yale mengine nitayafikia.

Bwana Viwanja alisoma orodha mpya Alhamisi. Alipofika kwenye majina yetu akasoma kwa sauti ya kanisani: "Dorkas Samweli Bila." Watu wakatazamana. "Magdalena Simeoni Bila." Mtu akakohoa. "Anastazia Melkizedeki Bila." Akaendelea mpaka wajane tukaisha, na kila mmoja akiwa Bila.

Magdalena ndiye aliyeanza. Unamjua mdomo wake. "Jamani, huyu Mzee Bila ni nani? Mbona hakuonekana hata kwenye harusi yangu?"

Anastazia akadakia, "Na ng'ombe zangu za mahari alitoa lini? Nidai!"

Kumbe tumecheka mapema. Bwana Viwanja hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa kalamu. Akasema amri aliyopewa ni kwamba wenye jina moja la tatu ni ukoo mmoja, na wajane wa ukoo mmoja wanawekwa pamoja, kiwanja kimoja. Kwa hiyo wakwe wa Mzee Bila wote watapata kiwanja kimoja, na kilichobaki ni kile cha ng'ambo ya korongo, kwenye mawe.

Mwenyekiti Alute akasimama. "Bwana, hawa hawana undugu hata wa kuazimana chumvi."

"Karatasi inasema wana mkwe mmoja."

"Hakuna mtu anayeitwa hivyo hapa!"

"Basi amefariki," akasema Bwana Viwanja, "poleni. Lakini ameacha wakwe wengi."

Alute alipiga paji la uso. Amemwomba asigawe mpaka orodha itazamwe tena. Amekubali kungoja mpaka mwisho wa Januari, baada ya hapo atagawa kama ilivyoandikwa. Tangu siku ile nikipita, Magdalena ananiita, "Mke mwenzangu, mkwe wetu ameamkaje?" Tunacheka, kisha kila mmoja anaitazama nyumba yake.

Sasa ya baba yenu.

Nilidhani unajua, ndiyo sababu sikukueleza. Pia kulieleza ni kama kulizunguka jina lenyewe kwa kijiti mpaka watu walione. Lakini naona uliondoka nyumbani kwenda shule ya misheni ukiwa mdogo, na mambo ya wanawake hukuyakuta.

Siku nilipoletwa hapa, mama yenu alinikalisha kwenye kivuli cha ukuta, akanipa maziwa, akaniambia, "Jina la mzee huyu si la mdomo wako. Mume wako atalitaja. Watoto wako watalitaja. Wewe utamwita Baba. Hivyo ndivyo tutakavyojua kuwa wewe ni wetu." Sikulitaja siku hiyo, wala siku yoyote. Yeye naye aliniheshimu. Akirudi kutoka malishoni alikuwa akikohoa kabla hajafika kwenye kona ya nyumba, ili nisikie na nijiweke sawa. Hata alipoumwa, hata kikohozi kilipokuwa cha kweli, nilikuwa natambua kile cha ugonjwa na kile cha kunijulisha mimi.

Yule mwanafunzi aliponiuliza baba wa mume wangu anaitwa nani, niliinamisha macho. Akauliza tena. Nikazidi kuinama. Alidhani sijui. Wajane wenzangu wote walifanya vivyo hivyo, kila mmoja nyumbani kwake, bila kuambiana. Wenye waume walijibiwa na waume zao jioni, mwanafunzi alipowapitia tena.

Na kadi yako, shemeji, niliiweka mezani kutwa nzima. Najua kuandika. Najua na herufi zake. Lakini kuandika kwangu ni kutaja. Siku ukiona nimeliandika jina lile kwa mkono wangu, siku hiyo ndiyo ujue nimeondoka kwenu.

Stefano anachonga ubao wa kaburi la kaka yako. Ni wa mninga. Baiskeli anaegemeza ukutani kwa sababu hatuna mti karibu. Nilitaka uukute umesimama, nikakuficha. Amechonga SAMWELI, vizuri sana, akauliza baada ya hapo aandike nani. Nikaokota maranda. Akasema, "Mama, mimi nalijua jina la yule mzee, niandike tu?" Nikamwambia asiandike. Nikamwambia mzee yule ana mtoto wake Dar es Salaam. Amepasugua pale mpaka pamekuwa laini, akapaacha.

Krismasi njema. Selina ameuliza kama Mzee Bila naye ataleta zawadi.

Ni mimi, wa nyumba hiyo hiyo,
Dorkas


Dar es Salaam,
9 Januari 1975

Shikamoo shemeji. Na shikamoo nyingine ya barua ile.

Sina maneno marefu ya kuomba radhi, na nikiyatafuta nitachelewesha mambo ya haraka. Nilijua kwamba hamlitaji kwa mdomo. Nikumbukavyo, mama alikuwa akimwita babu yetu "yule mkubwa," nami nilidhani ni mazoea ya mdomo tu. Sikujua kwamba na kalamu nayo ni mdomo. Nimefanya kazi na majina ya watu miaka sita, na kila nafasi tupu niliyoiona niliihesabu kuwa uvivu wa mtu.

Siku barua ilipofika nilikwenda nayo kwa Bwana Urbano. Nilimsomea sehemu ya Mzee Bila. Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Nilipofika kwenye mama na maziwa, nilitaka kuruka, akasema, "Soma." Nikasoma. Akavaa miwani yake. Kisha akasema, "Mama yangu bado anamwita mkwe wake Mwenye Mji. Mzee ana miaka ishirini kaburini." Akaomba tuitazame upya amri ya mashine.

Tatizo lake lilikuwa hili. Mashine ikikuta nafasi tupu haina njia ya kujua ni ya mtu asiyekuwapo, au asiyejulikana, au asiyetajwa. Kwake yote ni tupu. Mwanzo tulikuwa tumeiambia kwamba tupu moja inameza jina zima. Halafu tukaiambia iweke BILA, na hapo tukatengeneza mzee asiyezaliwa, tukampa wakwe. Nilimwambia Bwana Urbano habari ya wale watatu waliotumwa maji. Alinitaka niirudie. Tukafunga mlango, tukaandika amri mpya, nami nakunakilia kwa sababu ni yako pia:

Chukua jina la kwanza. Likiwapo la pili, weka upana wa herufi moja kisha uliunge. Likiwapo la tatu, fanya hivyo hivyo. Palipo tupu pita, usiandike neno, usiache pengo, wala usiufute mstari.

Nikamwuliza, "Na ukoo? Bwana Viwanja atasema wote wana tupu, basi ni wamoja." Akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: nafasi tupu isifananishwe na nafasi tupu nyingine. Watu wawili wasiotaja jina hawakutaja jina moja. Amri hiyo imepelekwa pia kwa Bwana Viwanja kwa maandishi, na mhuri.

Tuliijaribu kwa kadi yako. Mashine ina kelele kama kinu cha kusaga, mtu hasikii anachosema mwenzake. Ilipotulia nikaisogelea karatasi. DORKAS SAMWELI. Majina mawili, yamekaa karibu karibu, na baada yake hakuna kitu. Nilisimama pale mpaka msichana mmoja akaniuliza kama nimepoteza kadi.

Orodha ilisafiri juzi kwa treni, itashushwa Manyoni na kuja Singida kwa basi. Naomba Mungu ifike kabla ya mwisho wa mwezi.

Likizo yangu ni mwezi wa sita. Ubao huo, shemeji, asiuguse mtu.

Nathanaeli


Sepuka,
2 Februari 1975

Shemeji mpendwa,

Marahaba, na ile nyingine marahaba.

Orodha imefika. Basi lilikwama Singida kwa matope, maana mvua zilianza kwa nguvu, lakini lilifika. Bwana Viwanja alikuja na buti zimejaa udongo, akasimama chini ya bati la shule mpya, nasi tukajibana kwa sababu bado halina kuta.

Alisoma taratibu zaidi siku hiyo. Alipofika kwangu akasema, "Dorkas Samweli." Akangoja kidogo, kama mtu aliyezoea kukanyaga ngazi ya tatu akakuta ni sakafu. Akatazama karatasi kwa karibu. Hapo nikaona jambo ambalo sijamwambia mtu. Wanawake wote waliokuwa upande wetu, wenye waume na wajane, waliinamisha macho pamoja, pale pale ambapo jina lile lingesemwa. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Kisha Bwana Viwanja akasema, "Kiwanja chako ni hapo hapo ulipo, mama," akaendelea na mwingine.

Magdalena alipopata chake akapunga mkono kuelekea korongoni. "Kwaheri Mzee Bila, ulitutunza kwa muda wako."

Bwana Viwanja akainua kichwa. "Huyo mzee," akasema, "aliwahi kuwapo kweli?" Watu walicheka mpaka na yeye akacheka. Jioni alikula kwangu ugali wa uwele na mlenda. Aliniambia anatoka mbali, na kwamba alimwacha mkewe kwao pamoja na mama yake. Nikamwuliza mkewe anamwitaje baba mkwe. Akawaza. Akasema hajawahi kusikiliza.

Uwele umeota vizuri. Nimepanda mpaka karibu na jiwe, pale kwenye jiwe sikupanda. Naliacha kama kaka yako alivyoliacha, na maji yake ya kunolea. Mvua ndiyo inamjazia siku hizi.

Ubao umesimama. Upande wenye SAMWELI umeshika rangi. Ule upande mwingine nimeufunika kwa kipande cha gunia ili usiingie ukungu kabla ya mwezi wa sita. Stefano amerudi Issuna kwa mke wake, Gasto akipita mwambie hivyo. Ameacha patasi moja ndogo, nimeichomeka kwenye dari juu ya mlango. Anasema mninga ni mgumu, usikimbilie, ushike kwa mkono mwepesi.

Selina ameanza darasa la kwanza, amevaa kitambaa chako, ingawa kimezidi magotini. Amejifunza herufi, na amegundua kwamba yeye anaruhusiwa kulitaja jina la babu yake. Analiimba kutwa. Analiandika kwenye vumbi mlangoni kwa kijiti. Mimi nikitoka nje navuka pembeni, nisilikanyage. Anataka alichonge yeye kwenye ubao. Nimemwambia atashika taa na kupuliza vumbi, kuchonga ni kwa baba mdogo.

Uje na nguo za baridi, mwezi wa sita kwetu unaujua. Ukishuka kwenye basi utaona nyumba zimeongezeka, usipotee. Na ukikaribia nyumbani, kabla ya kona ya tembe, kohoa kidogo.

Nitajua ni mtu wa hapa.

Shemeji yako,
Dorkas